Fundi wa Maji Alipoingia Mjini Kwangu

Nairobi haijapata meya tangu 2013, magavana walipoingia. Aliyebaki ni mimi peke yangu, naishi Umoja, ghorofa ya tatu, na mfereji wangu wa jikoni unadondosha usiku kucha siku zile maji yakiwepo.

Mji wangu unaitwa Nduta. Niliupa jina la binti yetu makusudi, ili mama yake aone haya kuufuta. Una watu elfu thelathini na moja na ushee, wote wakiishi ndani ya SimCity 2000, gemu ya 1993, yaani ina umri mkubwa kuliko konda anayenikoromea kila asubuhi nisogee ndani. Kompyuta za sasa haziielewi, kwa hivyo inabidi niipitishie kwa programu inayoitwa DOSBox, inayoidanganya kwamba bado tuko enzi zake. Kipakatalishi chenyewe nimekishika bawaba kwa selotepu, na betri yake ilikufa zamani. Stima ikienda, na meya anaenda.

Mke wangu haelewi kwa nini mtu mzima mwenye NSSF atoke kazini, avue viatu, kisha aanze kulaza barabara. Sasa nimwelezeje? Sisi tuliokua miaka ya tisini tulipuliza kaseti za gemu mpaka tukahisi kizunguzungu, tukizirudisha kwenye mashine tukiomba Mungu picha itokee. Mapenzi ya namna hiyo hayaishi kwa sababu umeoa.

Shemeji ndiye mbaya zaidi. Huja Jumapili na mashine yake na pedi mbili za kuchezea mpira, ananikuta nagawa viwanja, ananiuliza, "Sasa hapo unafunga vipi?"

"Hakuna kufunga."

"Unashinda vipi?"

"Hakuna kushinda. Unajenga tu."

Alimtazama dada yake kama mtu anayepiga hesabu ya mahari kuirudisha. Nikajaribu kumwelimisha. Nikamwambia kuna Mmarekani anaitwa Will Wright, alitengeneza gemu ya helikopta ya kulipua visiwa, Raid on Bungeling Bay, ikatoka 1984. Akagundua kwamba kuvilipua hakumfurahishi hata nusu ya kuvijenga. Akaacha mabomu, akashika mji. Wachapishaji wa gemu wakasitasita, wakiuliza swali lile lile la shemeji, itauzwaje gemu isiyo na mshindi? SimCity ya kwanza ikaja kutoka 1989.

Shemeji akafikiri kidogo. "Hao wachapishaji walikuwa na akili," akasema, akaomba chapati nyingine.

Basi. Tuje kwa fundi.

Nilimpigia Jumanne kuhusu mfereji. Akasema yuko stejini, anaingia. Alikaa kwenye hiyo steji hadi Jumamosi. Alipofika aliinama kwenye sinki, akaugusa mfereji kwa kidole kimoja, akatikisa kichwa kama daktari aliyechelewa kuletewa mgonjwa.

"Mkubwa, nani alikuwekea hii?"

"Ni wewe. Mwaka juzi."

"Ah." Akanyamaza kidogo. "Ile siku nilikuwa na haraka."

Akaufungua mfereji wote, akatandaza vipande kwenye gazeti, akanituma washa na tepu ya uzi. Niliporudi akasema amemaliza nusu, lakini hawezi kuufunga bila kujaribu presha, na maji hayapo. Maji yetu ni Jumatano na Jumamosi, kwa mujibu wa karatasi iliyobandikwa chini kwenye ngazi. Karatasi hiyo hainywi maji, kwa hivyo haina haraka. Mama Nduta alikuwa kwenye chama. Nikampa fundi chai, akaketi karibu na meza yangu, akaona skrini.

Nilikuwa nimeacha gemu ikionyesha chini ya ardhi. Ukibonyeza hapo, majumba yote yanapotea unabaki na mabomba matupu. Fundi akaweka kikombe chini polepole.

"Nani alikuwekea hii?"

"Ni mimi."

"Wewe mwenyewe? Na pampu umeipandisha mlimani? Huko kuna maji ya nani?"

Nikasema niliona panapendeza. Hakunijibu. Akavuta kiti, akaniomba mausi kama anavyoomba spana, bila kunitazama, mkono tu. Akaihamisha pampu ukingoni mwa mto. Bado. Akauliza, "Inavutwa na nini hii? Stima iko?" Haikuwepo, nilisahau nyaya. Akaziunganisha, na mabomba ya mtaa mzima wa mashariki yakaanza kutiririka buluu. Miaka arobaini ya gemu wale watu walikuwa wakikaa hapo bila tone. Walikuwa wakilalamika, sikatai. Nilidhani ni siasa.

Basi jamaa akashika kazi. Sijawahi kumwona akifanya kazi hivyo, na namlipa tangu 2019. Alipima, akapiga mluzi, akavunja, akarudia. Alifika kwenye sanamu yangu. Ukifikisha watu elfu thelathini unapewa sanamu ya meya, na mimi niliiweka ufukoni, inatazama maji, nilikuwa nimeihangaikia miezi.

"Na hii kazi yake nini?"

"Hiyo ni mimi."

"Inapitisha maji?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshapitisha tingatinga, na mahali pangu pana pampu mbili. Nilitaka kukasirika, lakini mtaa wa mashariki ulikuwa umeanza kuota magorofa. Nikamwongezea chai.

Saa tisa na kitu, gemu iko mwaka 1950, mlipuko. Mtambo wa makaa uliobeba nusu ya mji umepasuka, na moto unatambaa kuelekea hospitali. Katika gemu hii mtambo wa makaa una miaka hamsini ya kuishi. Huo niliujenga 1900 na sikuwahi kuufikiria tena. Mpya ni dola elfu nne. Tuliangalia hazina: zote zilikuwa zimeingia kwenye pampu.

Na pampu bila stima ni vyuma. Ile buluu ikakatika mtaa kwa mtaa huku tukitazama. Fundi akashika kichwa. Mimi nikapunguza bajeti ya barabara, na mkuu wa uchukuzi akatokea kunifokea kwamba nitajuta, ndivyo alivyo. Tukawa tunabishana, yeye anataka tukope kwa kutoa hati za dhamana, mimi nataka tupandishe kodi, na hakuna aliyesikia chochote hadi soksi yangu ilipolowa.

Maji yalikuwa yamekuja. Jumamosi, kama karatasi ilivyosema, kwa mara ya kwanza tangu ibandikwe. Yamekuta bomba halina mfereji, sinki imezibwa na sufuria ya ugali ya jana, yakashuka, yakavuka jikoni, yakawa sebuleni yakizunguka miguu ya kochi. Vipande vyetu kwenye gazeti vilikuwa vinaelea. Mlango ukagongwa na mama wa ghorofa ya pili, amejifunika leso kichwani na inadondosha. Nyuma yake, na mfuko wa sukuma wiki mkononi, Mama Nduta.

Alitazama sakafu, akamtazama fundi aliyeshika mausi badala ya spana, akanitazama mimi.

"Baba Nduta. Mnafanya nini?"

"Tunatafuta maji," fundi akasema.

Alifunga mfereji kwa dakika nne, nilihesabu. Mia tano, nikamtumia kwa simu. Nilipiga deki hadi magharibi, kisha nikashuka kupiga deki ghorofa ya pili, mzee wa kule akinisimamia na kikombe cha chai ambacho hakikuwa changu.

Saa nne usiku simu ikalia. Ujumbe. "Mkubwa usirudie makaa. Nimesoma. Jenga ile ya maporomoko, ni dola mia nne tu na haizeeki. Usiguse kitu. Nakuja Jumanne."

Jumanne saa mbili kamili asubuhi alikuwa mlangoni, amenyoa, hana hata mfuko wa vifaa. Mfereji bado unadondosha.