Kikosi bora chenye makipa wawili

Kanuni yetu ya kikosi bora cha msimu ilikuwa nusu ukurasa. Mwenyekiti wa kamati aliiandika mwenyewe, kwa kuiga FIFPRO, chama cha wachezaji wa kulipwa duniani. Wao kwenye World 11 yao, yaani kikosi bora cha dunia, huchukua kipa 1, mabeki 3, viungo 3 na washambuliaji 3, halafu nafasi ya 11 anapewa mchezaji asiye kipa mwenye kura nyingi kuliko wenzake waliobaki. Ndiyo maana mwaka 2022 Messi, Mbappé, Benzema na Haaland walipangwa mbele wote wanne. Mwenyekiti wetu hapendi maneno mengi, akafupisha: "Wa 11 ni aliyebaki mwenye kura nyingi zaidi." Mambo ya kipa akayaacha. Nani atakumbuka kumkataza kipa wa pili?

Wapiga kura walikuwa 24, yaani kocha na nahodha wa kila timu kati ya 12, na hakuna kumpigia mtu wa timu yako. Mimi nasoma karatasi, katibu anachora vijiti ubaoni.

Kabla ya kuhesabu kura inabidi kwanza ujue kapigiwa nani. Nahodha mmoja aliandika "namba sita wao, yule mrefu mwenye kelele". Tukafungua fomu za mechi: jezi namba 6 ya timu ile ilivaliwa na watu watatu msimu mzima, wote warefu. Kuhusu kelele, fomu hazisemi. Kura ikafutwa. Kocha mwingine alijaza mabeki wanne na viungo wawili, akaeleza pembeni kwamba timu haiwezi kusimama na mabeki watatu. Beki wake wa nne tukamkata, na kiungo wa tatu hatukumtafutia.

Vijiti vya mabeki na washambuliaji vilikwenda salama. Kwa viungo ndipo kura zilipomwagika, maana kila kocha ana kiungo wake anayemwona peke yake: mkabaji wa huyu, mchezeshaji wa yule, majina zaidi ya 20 ubaoni. Kiungo wa tatu aliingia kikosini kwa kura 9 tu. Kwa makipa ilikuwa kinyume. Msimu mzima waliong'ara ni wawili, na kila karatasi ina nafasi moja ya kipa, kwa hiyo kura 24 ziligawanywa hivi: 12, 10 na 2.

Katibu akaanza kumtafuta wa 11. Beki wa nne ana 7. Kiungo wa nne 8. Straika wa nne 9. Akanyamaza, akarudi juu ya ubao, akaweka kidole kwenye 10.

"Mzee, huyu ni kipa."

"Ana kura ngapi?"

"Kumi."

"Kanuni inasemaje?"

Kanuni ikasomwa. Ikasomwa tena polepole, labda neno litajitokeza lenyewe. Halikujitokeza.

Kibaya zaidi, mtu halali wa kuziba ile nafasi alikuwapo ubaoni, ila amekatwa vipande viwili. Winga mmoja alianza msimu mbele kushoto, kisha beki wao alipoumia akarudishwa nyuma. Waliocheza naye mapema walimwandika mshambuliaji, kura 6. Waliokutana naye baadaye walimwandika beki, kura 5. Jumla 11, zinampita kipa. Lakini sisi tulihesabu kwa nafasi iliyoandikwa kwenye karatasi. Dawa yake ni nyepesi na hufanywa kabla ya kura: chukua fomu za mechi, jumlisha dakika za kila mchezaji kwa kila nafasi, palipo na dakika nyingi ndipo jina lake lichapwe kwenye orodha, na wapiga kura waweke alama tu. Ukiwaachia waandike wenyewe, mchezaji anayejitolea kucheza kokote ndiye anayeumia.

Mwenyekiti hakukubali kubadili kanuni baada ya kura. Kwa hilo yuko sahihi, ingawa alilisema kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Akajitetea kwamba hata UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, mwaka 2019 walitoa kikosi cha 4-2-4, yaani mabeki 4, viungo 2 na washambuliaji 4, na watu wakanuna. Kweli, ila wale walikuwa na kipa mmoja.

Ikabaki picha. Mchoraji wa bango akauliza huyu wa pili amweke wapi, maana golini pamejaa. Akaambiwa mfumo ni 3-3-4. Bango likatoka na kipa amesimama winga ya kulia, glovu mkononi.

Straika wa kura 9 alipiga simu kabla ya jioni.

"Mimi nimefunga mabao 18. Huyo mshambuliaji wenu amefunga mangapi?"

Katibu akafunika simu kwa kiganja, akamtazama mwenyekiti.

"Mwambie mawili yako alidaka yeye."

Rufaa rasmi ilikuja moja tu, kutoka kwa kipa wa kura 2. Hakupinga kitu. Aliuliza tu kama milango imefungwa.