Majani kwenye maji au kwenye spiriti: ni dawa gani inayopimwa?

Huko Buganda mtoto mchanga huogeshwa kwa kyogero, maji yaliyolowekwa majani na mizizi. Kwenye masoko ya Kampala huuzwa mumbwa, udongo uliofinyangwa pamoja na mitishamba, ambao wajawazito huusugua kwenye maji wakanywa. Mululuza, kichaka chenye majani machungu, nao hufikichwa au huchemshwa, mwenye homa akameza uchungu wake. Zote hizo ni dawa za maji. Maabara nyingi, hata hivyo, zinapopima nguvu ya majani dhidi ya vijidudu huyaloweka kwenye spiriti kama ethanoli au methanoli, kisha habari zinaenea kwamba mululuza unaua bakteria. Kilichopimwa sicho kinachonywewa nyumbani.

Msimamo wangu ni kwamba dawa ya maji itangulie kupimwa. Wanaotetea spiriti, hata hivyo, wana hoja nzito. Maji huvuta kemikali za jani zinazoyeyuka humo: tanini zenye ukakasi, saponini zenye povu, sukari, chumvi, na flavonoidi zilizofungamana na sukari. Mafuta yenye harufu na terpeni nyingi, kemikali za jinsi ya mafuta, hubaki kwenye makapi. Ethanoli ya asilimia 70 huchukua sehemu ya kila kundi, na mara nyingi ndiyo inayoacha duara pana zaidi lisiloota bakteria kwenye sahani ya agari, ule utelezi wa kuoteshea vijidudu maabara. Tena hukauka upesi kwa joto dogo, ilhali maji ya majani huota ukungu yakiachwa mezani siku mbili tatu, na kuyakausha kwa baridi kunahitaji mashine ghali na umeme usiokatika.

Historia pia iko upande wao. Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria, alisoma katika maandishi ya karne ya 4 kwamba mmea wa artemisia ulowekwe kwenye maji na kukamuliwa, bila kutajwa kuchemsha. Akashuku kwamba moto ndio unaoharibu dawa, akahamia kwenye etha, kiyeyushi kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi. Artemisinini, dawa yenyewe iliyomo kwenye jani hilo, haiyeyuki vizuri kwenye maji. Angeng'ang'ania chai ya kuchemsha, huenda jani hilo lingetupwa. Kwa hiyo maji yakishindwa, jani lisifukuzwe maabara; hapo ndipo spiriti iingie.

Kinachonisumbua zaidi ni namna maji yenyewe yanavyopimwa. Mtafiti hutumia maji yaliyotoneshwa, safi kabisa, kisha hukausha na kuyeyusha upya unga hadi pengine miligramu 50 au 100 kwa kila mililita. Kikombe cha nyumbani hakifiki huko, na damu ya mnywaji haikaribii hata kidogo. Tanini nazo hushika protini ovyo, kwa hiyo zinaweza kuzuia bakteria kwenye sahani bila kumponya mtu yeyote. Nadhani ngozi na tumbo visihukumiwe pamoja. Maji ya majani yanayooshea kidonda au upele hugusa vijidudu moja kwa moja, na hapo jaribio la sahani lina maana zaidi. Kwa homa ya ndani ya mwili, sahani peke yake haitoshi.

Halafu kuna hatari ambayo maabara safi haiioni kamwe: maji ya kisima yasiyochemshwa, chungu kilichokaa na majani yale yale siku nyingi, na mtoto mwenye kitovu kibichi anayeogeshwa humo. Humo dawa na bakteria vinaweza kukaa pamoja.

Uganda ina sheria ya tiba asili ya mwaka 2019, na ina taasisi ya serikali ya utafiti wa dawa za mimea pale Wandegeya, Kampala. Ningependa kila jani linalopimwa huko, au kwenye vyuo vikuu vya Makerere na Mbarara, lipimwe kwanza kama mama anavyoliandaa: konzi ngapi, lita ngapi, dakika ngapi motoni, maji ya wapi. Na ripoti iseme maji hayo yamwagwe baada ya saa ngapi.