Likizo hii tuisheni iacheni, mpeni mtoto hela akahesabu chenji

Kila Desemba ikianza tu magrupu ya wazazi WhatsApp yanajaa swali moja, jamani nani anamjua mwalimu mzuri wa tuisheni, shule zimefungwa mtoto atasahau kila kitu. Hofu hiyo naielewa na ni ya kweli kabisa, watoto wanasahau. Ila dawa tunayoikimbilia mimi naona sio yenyewe, na ntasema kwanini.

Muulize mwalimu yeyote wa darasa la tatu au la nne Januari anaanzia wapi. Mwandikie mtoto 403 toa 178 uone, wengi watakuletea 375. Yani kaangalia 3 na 8, kaona 3 ndogo, kageuza akatoa 3 kwenye 8 akapata 5, afu 0 na 7 akaandika 7, afu 4 toa 1 ni 3. Novemba huyu huyu alikuwa anakopa kwenye tarakimu ya jirani vizuri tu! Na wala sio mjinga, ile njia alikuwa ameikariri bila kuielewa, na kitu cha kukariri ukikiacha wiki nne bila kukigusa kinapotea. Huko Marekani ambako likizo yao ya kiangazi inaenda miezi miwili na zaidi, mtafiti Harris Cooper na wenzake mwaka 1996 walipitia tafiti nyingi wakaona kwa wastani mtoto anarudi shule akiwa nyuma kama mwezi mmoja hivi, na vinavyopotea zaidi ni hesabu za kukokotoa na tahajia. Wapo watafiti waliokuja baadaye wakabishana nao kuhusu ukubwa wa hilo tatizo, sawa, ila la hesabu kwangu linaeleweka bila hata utafiti, maana maandishi mtoto anakutana nayo kila mahali, kwenye daladala, kwenye tv, kwenye pakiti ya biskuti, lakini nani anamwambia agawanye 84 kwa 6 Desemba nzima?

Sasa tuisheni. Mtoto kakaa darasani tangu Januari, kaamka saa kumi na moja na giza lake, karudi jioni na homuweki, afu likizo tunamrudisha kwenye benchi lile lile, maswali yale yale, ubao ule ule na mara nyingi fimbo ile ile. Kenya wao wameweka kabisa kwenye Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, masomo ya ziada wakati wa likizo ni marufuku, na huku kwetu Tanzania wizara ya elimu imeshakemea shule zinazong'ang'ania watoto likizo. Mimi sisemi hivyo kwa ajili ya sheria. Nasema kwa sababu mtoto aliyekariri njia asiyoielewa, ukimkaririsha tena umemwongezea kukariri, na hicho ndicho kilichomwangusha.

Badala yake mpe buku tano, yani sh 5,000. Mwambie dukani kwa Mangi kalete sukari kilo ya 3,000, chumvi ya 500 na viberiti viwili vya mia mia, na kabla hajatoka mlangoni akwambie chenji itarudi sh ngapi. Usimpe kalamu. Utamsikia anavyohesabu, 3,700, kufika 4,000 ni 300, kufika 5,000 ni 1,000, basi 1,300. Hapo kafanya hesabu ya kukopa bila kukopa chochote, kapanda kutoka chini kwenda juu, na siku akielewa kwamba ile 403 toa 178 inafanyika hivyo hivyo, kutoka 178 kufika 200 ni 22, jumlisha 203, jibu 225, hatasahau tena maana sasa anajua anachofanya.

Kuna jirani yangu anauza barafu za ukwaju na binti yake wa darasa la nne ndo mhasibu. Sukari 3,000, ukwaju 2,000, vifuko 1,000, zinatoka barafu 90 za mia mia. Yule mtoto anakwambia faida 3,000 kabla hujamaliza kuuliza. Umeme ukakatika, barafu 12 zikayeyuka, mama mtu akamuuliza sasa je? Akanyamaza kidogo akahesabu kwa vidole, akasema 1,800 mama, tumepoteza 1,200. Hapo kuna kujumlisha, kuzidisha na kutoa, na kuna kitu ambacho kwenye kitabu hakipo, yani anajali jibu. Jibu likikosewa hela inapotea kweli. (Nasema barafu za nyumbani anamsaidia mama, sio kumtuma mtoto akatembeze beseni stendi, hilo silikubali.)

Wanaoenda kwa bibi na babu nao wana yao. Kama mzee anacheza bao, mtoto akae pale. Bao la kete lina mashimo 32, mistari minne ya mashimo manane, kete 64, na ukiangalia wazee wanavyocheza wanahesabu mbele kete itaishia shimo gani kabla hawajagusa chochote. Mtoto akiingia kwenye huo mchezo table ya nane ataijua bila kuimbishwa.

Kusoma ndo tunapojidanganya zaidi. Wale watafiti wa Uwezo walipokuwa wanapita majumbani kuwapima watoto kwa hadithi ya kiwango cha darasa la pili, walikuta watoto wengi wa darasa la tatu haiwapandi kabisa, na ule mtaala wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) wa 2015 uliletwa kwa sababu kama hizo. Lakini kuna tatizo jingine hata kwa wanaosoma, mtoto anatiririka vizuri, sauti nzuri, mzazi unafurahi, ukimuuliza sasa huyo sungura alikimbia kwa nini, kimya. Kwa hiyo ukimsomesha muulize. Dakika 20 zinatosha, kwa sauti, wewe unapika yeye anasoma, na maswali mawili matatu ya kwa nini na unadhani itakuwaje.

Na vitabu vikikosekana, bibi yupo. Hadithi anayosimulia usiku, ile ya paukwa pakawa, asubuhi mtoto aiandike kwenye daftari kama alivyosikia, afu amsomee bibi. Bibi atamsahihisha, hapana mjukuu wangu fisi hakuwa wa kwanza kufika, na mtoto anarudi kufuta na kuandika upya. Hiyo ndo kazi ya kuandika, hakuna mwalimu wa kulipwa anayeweza kumfanya mtoto arudie sentensi kwa moyo namna hiyo. Hata meseji ya M-Pesa inayoingia kwenye simu ya bibi mwache mtoto aisome, iliyoingia sh ngapi, salio lilikuwa sh ngapi, sasa ni ngapi.

Wazazi wa Dar, pale Bibi Titi Mohamed kuna Maktaba Kuu ya Taifa na ina sehemu ya watoto, mikoani nako ziko maktaba za mkoa. Pitieni hata Jumamosi moja mkaulize utaratibu wa kujiunga, na mtoto mwenyewe ndo achague kitabu, hata kama ni kile chenye picha nyingi ambacho wewe unaona amekipita umri.