Zamu ya Babu Iliyogoma Kulala

Bao likichezwa kwa voisi noti ni vita, nawaambia kabisa. Babu yangu yuko Temeke, shemeji yake alihamia Maskati kwa binti yake zamani, na hao wawili wamefungana bao tangu mi sijazaliwa. Sasa ikawa kila mtu ana ubao wake mbele, Babu anarekodi "natoka shimo la tatu, nakula, naingilia kichwa cha kulia", anatuma, kule nako wanasogeza kete afu wanajibu. Zikipita zamu nne tano mabao yenyewe hayafanani tena. Huku ukihesabu kete zipo 64 kama inavyotakiwa, kule zipo 61, na hapo ndo maneno yanaanza, ya heshima lakini maneno, mtu anaambiwa "shemeji, toka ujana wako vidole vyako vina gundi".

Mi ajira yangu ni ya stoo, kuhesabu maboksi, ila usiku naandika kodi, yani programu za kompyuta, kama wengine wanavyoangalia mpira. Nikaona isiwe tabu, natengeneza bao la mtandaoni, wazee wacheze kwenye simu, ubao mmoja, ugomvi kwisha. Mashimo 32, kete 64, kila mtu anaanza na 22 mkononi, kuna ugumu gani hapo? Aisee. Mtu yeyote akikwambia bao ni mchezo rahisi kuandikia programu, huyo kalicheza lile la kujifunza la watoto. Nyumba peke yake, lile shimo la mbele lenye sheria zake, lini inalala lini inasafiri, ilinila wiki za kutosha, maana kila nikimuuliza Babu ananijibu "utaona tu mwenyewe", sasa kompyuta haioni yenyewe babu yangu, inataka kuambiwa.

Kwenye michezo ya watu wengi mtandaoni kuna sheria moja usiivunje, simu ya mchezaji usiiamini hata siku moja. Simu inatakiwa iseme tu "nimechagua shimo hili, naelekea kulia", hesabu zote zinapigwa kwenye sava, yani kompyuta ya mtandaoni inayoendesha mchezo. Nikafanya hivyo. Matokeo yake Babu, ambaye mtaa mzima unajua ni fundi wa bao, akafungwa mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mfululizo. Mi sikusema kitu. Wazee wenzie kijiweni nao hawakusema kitu, walikuwa wanatazamana tu na vikombe vyao. Maana kwenye ubao wa mti Babu ana mkono wa haraka sana, kete zinamtoka tap tap tap mpaka huoni ipi imeingia wapi, na inavyoelekea kuna ambazo zilikuwa zinaingia panapomfaa yeye. Kwenye sava hakuna mkono wa haraka. Akasema mashine yangu haijui kuhesabu, nirekebishe.

Halafu ikaja habari ya mfukoni. Babu akiwa anawaza zamu yake anazima skrini anatumbukiza simu kwenye mfuko wa kanzu, anawasha sigara, anafikiri. Sasa simu ikizimwa skrini, brauza baada ya muda inaacha kuongea na sava, koneksheni inakatika, na mi nilikuwa nimeandika kwamba mtu akikatika dakika moja kakimbia, mwenzie kashinda. Anatoa simu mfukoni anakuta Babu wa Maskati kapewa ushindi. (Nae kwangu ni babu, ndo namwita hivyo.) Nilipigiwa simu niko stoo mbele ya bosi, nikaambiwa "kijana, mi nikimbie? Mimi? Nimkimbie yule?" Nikabadilisha, ukikatika mchezo unakusubiri, ukirudi unakuta kila kitu palepale.

Ikabaki taima. Niliweka dakika mbili kwa zamu, nikijua nimewapendelea. Walikuja watatu nyumbani, wamevaa kofia, wakakaa kwenye kochi kama wamekuja kuposa, bi mkubwa mpaka akaenda kubadilisha kanga. Msemaji wao akaanza mbali huko, kanisifia elimu, kasifia malezi, mwisho akasema "lakini mwanangu, bao halina saa". Basi nikaifuta taima. Hii mtu aikumbuke maana mbele ndo itatumaliza.

Kitu kimoja nilichokipatia mi mwenyewe najisifu ni mwendo wa kete. Sikutaka ubonyeze shimo afu kete zijikute zimeshafika, hapana, nikaandika sava iweke kete moja moja, nne kwa sekunde, na kila ikianguka simu inalia tak, sauti nimeirekodi kwa komwe za Babu kwenye ubao wake wa mninga. Ukizungusha zamu ndefu simu inaenda tak tak tak tak, raha tupu. Linki ikasambaa, mara Tanga, mara Unguja, mara kuna jamaa yuko Toronto anacheza usiku wa manane na wavuvi wa Mkokotoni. Na ukitaka unaweza kuingia kuangalia mechi ya watu wengine, kama mnavyosimama nyuma ya wazee kijiweni, tofauti huwezi kunong'oneza.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Babu na Babu wa Maskati wako kwenye mtaji, yani kete za mkononi zimeisha kitambo, na kwa mara ya kwanza toka mchezo uanze Babu alikuwa anashinda. Kete karibu zote ziko kwake, mwenzie kabakiwa na vikete vya kuokoteza. Zamu ya Babu, akaangalia, hana cha kula. Ukikosa cha kula unatakata, yani unachota shimo lako la mbele unazungusha kwako, kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete unachota unaendelea, ikiangukia shimo tupu umelala, zamu ya mwenzio. Babu akabonyeza. Alasiri ilikuwa imeshasaliwa, saa kumi na nusu hivi.

Tak tak tak tak.

Mi saa kumi na moja na ushee niko kwenye daladala natoka Posta, tumebanwa, simu iko mfuko wa nyuma inatetemeka mpaka mama niliyemgusa akaniangalia vibaya. Nimekuja kuitoa nakuta misdi kolu za kutosha, za Babu, za muuza kahawa, na namba ya Omani. Nikasikiliza voisi noti ya Maskati kwanza, maana kule wako mbele yetu saa moja, nikajua magharibi imewakaribia na hasira zimepanda. "Mjukuu wangu, babu yako anatakata. Nimeenda kuoga, anatakata. Nimekula, anatakata. Binti yangu kanipeleka dukani nimerudi, anatakata. Hivi we hiyo programu umeiandika kwa ajili ya watu wote au umemwandikia babu yako?"

Nikaingia kwenye sava kwa simu, nimeshika bomba kwa mkono mmoja, gari linaruka matuta. Naangalia logi, yani kumbukumbu za sava, kete zinapanda, hakuna kosa, hakuna chekundu hata kimoja. Meza za Unguja zinacheza vizuri tu, Toronto kalala. Wazo la kwanza likawa nizime sava niwashe upya, lakini mechi zote za watu ziko hewani, na kule Mkokotoni walikuwa wamewekeana dau, mi huko sitaki kesi. Hapo ndo nikajua kwamba ile madoido yangu ya kete nne kwa sekunde ndo imetuponza. Ningeacha sava ipige hesabu yote kwa mpigo ingejikuta inazunguka bila kupumua, ingekata watu wote, ingejifia, tungelala. Sasa hii ya kwangu ilikuwa inatakata taratibu, kwa adabu, inapumzika robo sekunde, inaendelea, inaweza kwenda hivyo mpaka kiama na CPU, ubongo wa sava, iko asilimia mbili.

Nashuka kituoni, nakaribia kijiweni, nasikia tak tak tak kabla sijaona watu. Walikuwa wamejaa. Bodaboda wamepaki, wamama wa genge wamesogea, watoto wa madrasa wamekaa chini na juzuu zao, simu ya Babu imeegeshwa kwenye birika la kahawa, imechomekwa powabanki ya mtu, na Babu mwenyewe kakaa pembeni kakunja nne anapokea pongezi. Watu wanaelezana. "Toka saa kumi huyu mzee hajalala." "Kuna dawa hapo." "Hamna dawa, ndo bao la wazee hilo, nyie mmezoea la kubahatisha." Bando lake lilikuwa limeisha mara moja katikati, wakachangishana, wakanunua jingine, simu iliporudi hewani kete zikaonekana bado zinakwenda, wanasema kelele iliyopigwa ni kama penalti ya fainali.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Kaa uone takata, mwanangu."

"Babu, hii zamu ina shida."

"Ya kwako ndo ina shida. Yangu inatembea."

Nikafungua laptopu palepale kwenye benchi. Nikaandika kakipande ka kodi, kila mkono unapochota kahifadhi picha ya ubao mzima na shimo ulipofikia, kaniambie kama picha hiyo imeshawahi kutokea. Kakajibu papohapo. Imeshatokea. Mara nyingi sana. Kete zilikuwa zinazunguka zinarudi vilevile zilivyokuwa, shimo lilelile, idadi ileile, zinaanza tena. Nikachukua ubao wa mti, nikapanga kete kama zilivyo kwenye simu, fundi mmoja wa cherehani ambaye hapendi maneno akatakata kwa mkono, taratibu, kila mtu anahesabu kwa sauti. Akazunguka, akazunguka, akafika alipoanzia. Akaziangalia kete, akaniangalia mimi, akasema "hii haina mwisho hii", akavaa viatu.

Yani kodi yangu ilikuwa sawa. Bao lenyewe ndo lilikuwa limeamua. Nikagugo nikakuta Waholanzi walishaandika makala mwaka 2006 kuhusu zamu za bao zisizo na mwisho, kwamba zipo kweli, na mmoja wa waandishi, Alex de Voogt, alishawahi kuwasoma mafundi wa bao wa Zanzibar miaka ya 90 mpaka akapata udaktari kwa hilo. Nikawasomea wazee. Babu akauliza, "Mholanzi huyo alimfunga nani?" Nikasema sijaona. Akasema basi.

Ikaadhiniwa magharibi. Hapo ikawa mtihani, Babu anataka kwenda kusali ila hataki kuacha zamu yake, anaogopa ikilala hayupo Maskati atacheza afu aseme alichelewa. Mwisho akamkabidhi simu muuza kahawa, "usiiguse, iangalie tu", msikitini wakaenda wote. Nasikia imamu mwenyewe baada ya sala aliuliza kwa sauti ya chini kama Babu keshalala. Wamerudi, tak tak tak. Nikapiga hesabu, zilikuwa zimeshaanguka kete zaidi ya 28,000, na kwenye ubao hakuna kilichobadilika hata kidogo.

Sasa nani kashinda? Maskati akawekwa spika. Yeye anasema mtu asiyemaliza zamu kashindwa, hata kwenye foleni ya benki ukizidi kukaa dirishani unaondolewa. Babu anasema mtu asiyecheza kashindwa, na shemeji yake hajacheza toka alasiri. Wakagawanyika, kuna wa huku na wa kule, bodaboda mmoja akapendekeza penalti, akafukuzwa. Mi nikasema wazee wangu, naifuta hii zamu, tunarudi nyuma pale Babu alipokuwa hajabonyeza, achague shimo jingine, na kuanzia leo zamu ikianza kujirudia sava inaikataa yenyewe. Bahati nzuri sava ilikuwa inahifadhi mchezo zamu inapolala, na hii haijalala, kwa hiyo ubao wa kabla ulikuwepo mzima mzima. Kimya. Babu akasema "yani kazi yangu yote hii unaitupa". Nikabonyeza. Tak ikakata, na kile kimya kilichofuata kuna mtoto wa madrasa alianza kulia.

Babu akachagua shimo jingine. Alikuwa na mawili tu ya kuchagua. Akatakata kete sita, akalala. Zamu ya Maskati. Mzee yule na vikete vyake vya kuokoteza akakuta kumbe Babu kajifungua mwenyewe upande wa kimbi, pembeni mwa mstari wa mbele, akala, akaingia, akala tena, akaenda mpaka nyuma kote, wakati anamaliza Babu mstari wa mbele hana kitu. Bao limekwisha. Kwenye spika ikasikika "Allahu akbar" moja ndefu na mlio wa mtu kugonga meza kule Omani.

Watu wakatawanyika haraka sana, nyie mnajua watu wanavyotawanyika mwenye nyumba akifungwa. Babu akachukua simu yake, akachomoa powabanki ya watu, akasema mashine imemuua, akaondoka bila kuaga. Mi nafunga laptopu nikaguswa bega. Muuza kahawa, ana kidaftari. Kumbe toka saa kumi na nusu Babu alikuwa anawaambia watu wote wanaokuja kuangalia, "kunyweni, mjukuu wangu ndo mwenye mchezo", na wamekunywa kweli, kurasa mbili, kashata nazo zimeandikwa pembeni kwa wino mwekundu. Nikatoa pesa niliyokuwa nimetenga ya kulipia sava mwezi ule. Akaihesabu, akairudia kuihesabu, akairudisha kalamu sikioni.

"Bosi," akaniuliza, "sasa hiyo ya kukataa zamu zinazojirudia, lazima uiweke?"