Kihisi kidogo, gunia kubwa: kupima sumukuvu Arusha

Mwezi Machi 2021 Kenya ilisitisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye nafaka. Zuio lilidumu siku chache tu, likafuatiwa na masharti, mojawapo likiwa kwamba kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi kiwango cha mikrogramu 10 kwa kilo. Kwa mfanyabiashara wa Arusha, ambaye njia yake ya kwenda soko la Kenya ni Namanga, sharti hilo liliitoa sumukuvu maabara na kuiingiza mfukoni mwake. Ndiyo maana vihisi vidogo vya kibayolojia, vinavyoweza kutoa jibu palepale ghalani, vinastahili kupimwa navyo kwa makini.

Kihisi cha namna hii kina sehemu mbili: kitu cha kibayolojia, kama kimeng'enya (enzaimu) au kingamwili (antibodi), kinachotambua kemikali moja kati ya nyingi, na sehemu inayogeuza utambuzi huo kuwa umeme au rangi inayosomeka. Wazo lenyewe si geni. Watafiti Leland Clark na Champ Lyons walilieleza mwaka 1962 wakitumia kimeng'enya cha glukosi, na matunda yake ni mashine ya sukari anayoitumia leo mgonjwa wa kisukari nyumbani kwake Moshi, ambayo hutosheka na tone la damu lisilofika maikrolita 1.

Wanaovitetea vihisi hivi wana hoja nzito. Lori la mahindi likisimama soko la Kilombero mjini Arusha, wapagazi wanasubiri na bei inabadilika. Jibu la maabara litakalokuja baada ya siku kadhaa huwa linazungumzia mahindi yaliyokwisha kusagwa. Kipimo chenye kingamwili hutoa jibu ndani ya dakika chache, na anayekitumia hahitaji shahada ya kemia. Sumukuvu nayo haionekani kwa macho, haina ladha, na kuchemsha ugali hakuiondoi.

Hata hivyo, mfano wa mashine ya sukari unapotosha pale ambapo wengi huutegemea. Damu huzunguka na kujichanganya yenyewe, kwa hiyo tone la kidoleni laweza kuusemea mwili mzima (mradi mwenye kidole asiwe ametoka kumenya ndizi mbivu bila kunawa, maana hapo mashine husoma sukari ya ndizi). Mahindi hayazunguki. Ukungu hushika punje chache kati ya maelfu, na punje hizo chache zaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia. Mchukua sampuli akichoma bambo ubavuni mwa gunia moja, akapata konzi ya punje, akasaga na kupima kijiko kimoja cha unga, kihisi kitasema kweli tupu kuhusu kijiko hicho, na huenda kisiseme lolote kuhusu magunia mengine ya lori lile.

Kwa maoni yangu, hilo halikifanyi kifaa kuwa bure, bali linabadilisha maana ya jibu lake. Kijiko kikisoma juu ya kiwango, sumu ipo, na shehena izuiwe hadi ipimwe upya. Kikisoma chini, hatujathibitisha usafi hadi bambo limepita katika magunia mengi, juu, katikati na chini, na punje zote zimesagwa na kuchanganywa pamoja. Fedha za kununua vihisi zitangulie kununua kinu cha sampuli na kulipa mtu wa kuifanya kazi hiyo ya kuchosha.

Bado kuna gunia lililokataliwa. Asipokuwepo wa kuliondoa sokoni, mwenye nalo ataliuza kwa bei ya chini kama chakula cha mifugo, na ng'ombe wa maziwa akilishwa mahindi hayo, sehemu ya sumu hutoka katika maziwa ikiwa imebadilika umbo, ambapo kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya nafaka hakitumiki tena.