Ndege ichelewe, lakini mtuambie ukweli

Wiki iliyopita, pale Luano, uwanja wa ndege wa hapa Lubumbashi, nilisikia tena maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi mno, na safari hii yamegoma kushuka kooni. Tulikuwa tunangoja ndege ya Kinshasa tangu asubuhi. Jua lilishapita kichwani, watoto wamelala juu ya mizigo, akina mama wamefungua kanga na kukaa chini. Nikaenda gisheni, kwenye dirisha la kampuni, kuuliza saa ya kuondoka. Kijana wa kampuni akanijibu bila kuinua macho: "Mungoje tu kidogo, mama, ndeke iko mu njia." Nilipomuuliza njia ipi, papa mmoja, baba mtu mzima aliyekuwa nyuma yangu, akanituliza: "Mama, acha tu. Afadhali tuchelewe kuliko tufe."

Nataka kumjibu papa yule hapa, kwa sababu pale uwanjani nilishindwa. Tena si yeye peke yake. Sentensi hiyo inasemwa Luano, inasemwa N'Djili kule Kinshasa, inasemwa Bipemba kule Mbuji-Mayi, na ndiyo inayoyapa makampuni ya ndege ruhusa ya kutufanyia wapendavyo.

Kwanza, ndege haikuwa njiani. Dada mmoja kati yetu alikuwa na mdogo wake N'Djili, akampigia simu. Ndege ileile ilikuwa bado imesimama kule, na abiria wa kule nao walikuwa wanaambiwa wangoje kidogo. Baadaye tukatangaziwa kwamba tutaondoka saa kumi. Saa kumi ya wapi? Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa nzima, kila mtu anayepanda ndege katika nchi hii anajua, lakini hakuna aliyefafanua. Saa kumi ya huku ikapita, saa kumi ya kule ikapita, gishe likafungwa, na kijana hatukumwona tena.

Sina ugomvi na kuchelewa kwenyewe. Ninasafiri mara kwa mara kwa sababu ya kazi na nimeshajifunza jinsi mambo yanavyokwenda. Ndege ni chache, na moja hutakiwa kuzunguka miji kadhaa kwa siku moja, kwa hiyo ikikwama asubuhi Kananga, jioni sisi wa Lubumbashi tunalipa. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua zetu zinakuja na radi ambazo rubani mwenye akili hawezi kuziingia. Mafuta ya ndege yanasafiri mbali mpaka kufika huku. Viwanja vingi vya ndani havina taa za kusaidia ndege kutua usiku, na giza likiingia kabla ndege haijaondoka, safari imekufa mpaka kesho. Hayo yote nayakubali. Na nitakubali pia, ingawa kwa shingo upande, kwamba yule kijana wa gishe mara nyingi hajaambiwa kitu. Anasimama pale kupokea matusi kwa ajili ya wakubwa ambao wamezima simu zao. Nimeona abiria wakimvuta shati mfanyakazi kama yeye. Ni aibu yetu.

Lakini hakuna mvua inayomlazimisha mtu kusema "iko njiani" wakati haiko.

Na uongo huo unawapata watu ambao hawana pengine pa kwenda. Kutoka hapa mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari wa angani. Kwa barabara ni kupitia Kolwezi, Mbuji-Mayi, Kananga, Tshikapa, Kikwit, na kila dereva wa lori atakueleza sehemu ambazo gari hulala kwenye matope siku nyingi. Kwa reli unafika Ilebo, kisha unatafuta chombo cha kushuka mto Kasai, na hapo usipange tarehe ya kufika. Kwa hiyo ndege si anasa ya matajiri, kama wengine wanavyopenda kusema. Ndani ya ndege hizi kuna mwanafunzi anayekwenda kuchukua viza, kwa sababu balozi karibu zote ziko Kinshasa. Kuna mgonjwa mwenye bahasha ya picha za mionzi. Kuna mama wa biashara aliyeweka mtaji wake wote kwenye nauli ya mamia ya dola. Siku ile alikuwepo mama mmoja mtu mzima kutoka mtaa wa Katuba, anakwenda kwenye kilio cha kaka yake. Mazishi yalikuwa kesho yake mchana. Watoto wa marehemu walikuwa wanampigia simu kila baada ya muda mfupi: tuwaambie wazee wangoje, au tuzike? Naye hakuwa na jibu la kuwapa, kwa sababu kila alipokwenda gisheni aliambiwa kidogo tu, kidogo tu. Angeambiwa mapema kwamba leo hakuna safari, angewaambia watoto hao waahirishe. Familia ingekaa, ingeamua. Ndege ilipofutwa usiku, wazee wa kule walikuwa wameshaamua kuzika bila yeye. Hiyo haikuwa kazi ya mvua wala ya mafuta. Ni taarifa tu iliyokosekana, na taarifa haigharimu kampuni hata faranga moja.

Sasa nirudi kwa papa wangu na hofu yake. Naielewa. Ni nani kati yetu asiyekumbuka? Tarehe 15 Aprili 2008 ndege aina ya DC-9 ilishindwa kupaa Goma, ikapita mwisho wa njia na kuingia mtaa wa Birere, mtaa wa soko, watu wakiwa kwenye shughuli zao. Tarehe 8 Julai 2011 Boeing 727 iliyotoka Kinshasa ilianguka Kisangani ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Makampuni yote yenye leseni ya nchi yetu yako kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya wasioruhusiwa kuruka huko, orodha iliyoanza kutolewa 2006. Kwa hiyo mtu akisema afadhali kuchelewa, anasema kutoka kwenye msiba, na msiba unastahili heshima.

Ila tuitazame Goma vizuri. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia ya kurukia ndege na kuifupisha. Ndege ile ya 2008 ilijaribu kuruka miaka sita baadaye, na njia ilikuwa bado fupi. Kila aliyefanya kazi pale alijua. Kila abiria aliyetazama dirishani aliliona jiwe jeusi limelala mwishoni. Watu walipanda, wakafumba macho, wakaomba Mungu, kwa sababu tulikuwa tumeshazoea kwamba abiria haulizi. Mtu anayeuliza anaonekana msumbufu, mama mwenye mdomo, mtu anayechelewesha wenzake. Ndipo ninapotofautiana na papa yule kabisa. Yeye anadhani kunyamaza gisheni ni bei tunayolipa ili tufike salama. Mimi nasema usalama wenyewe unasimama juu ya watu kusema ukweli: fundi kumwambia rubani kwamba kifaa hiki hakifanyi kazi, rubani kumwambia bosi kwamba leo sirushi, bosi kuwaambia abiria kwamba safari imefutwa na sababu ni hii. Mnyororo ni huohuo. Kampuni ambayo haiwezi kuwaambia watu mia moja waliokaa chini kwamba ndege haijaondoka Kinshasa, jambo dogo ambalo simu moja inalifichua, kwa nini niamini kwamba inaambiana ukweli kwenye karakana ambako simu yangu haifiki? Kampuni ikiniambia "tumegundua hitilafu, mafundi wanakagua, hatutaondoka leo", nitakaa kwenye saruji mpaka asubuhi na nitawashukuru. Hapo ndipo maneno ya papa yangekuwa na maana. Lakini ukingojeshwa bila sababu, hujui kama unangojeshwa kwa ajili ya usalama wako au kwa sababu ndege imekodishwa na mkubwa fulani kwenda kwingine. Huwezi kushukuru kwa uangalifu ambao hujaonyeshwa.

Wengine wananiambia niwafikirie ndugu zetu wa Goma, ambao uwanja wao ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025 vita vilipoingia mjini, na wa Bukavu, ambao uwanja wao wa Kavumu nao ulitekwa wiki chache baadaye. Nawafikiria kila siku, nina damu yangu kule. Mateso yao si sababu ya kumdanganya mtu wa Lubumbashi.

Tena si kwamba jambo hili halina dawa. Ulaya wana kanuni Na. 261 ya 2004. Ukifika umechelewa saa tatu au zaidi na kosa likiwa la kampuni, unalipwa kulingana na umbali: euro 250, 400 au 600. Hata kosa likiwa la mvua, wanatakiwa kukupa chakula, na ukilala njiani, hoteli. Kanuni hiyo inamfuata hata anayepanda ndege ya kampuni ya Ulaya kutoka Kinshasa kwenda Brussels. Fikirieni jambo hili. Watu wawili wamekaa N'Djili jioni ileile, wote Wakongomani, wote ndege zao zimechelewa. Mmoja anakwenda Brussels, na sheria ya watu wengine inamlinda. Mwingine anakwenda Lubumbashi, nyumbani kwake, na anaambiwa angoje kidogo. Safari ya Kinshasa na Lubumbashi kwa hesabu yao ingekuwa ya euro 400.

Na asije mtu kusema hayo ni mambo ya Wazungu. Nigeria ni Waafrika kama sisi, wana mvua kama sisi, wana shida ya mafuta ya ndege kama sisi. Kanuni zao za usafiri wa anga zinasema ndege ya ndani ikichelewa zaidi ya saa moja abiria apewe cha kunywa na nafasi ya kupiga simu, ikizidi saa mbili anaweza kudai nauli yake, na kuchelewa kukiangukia usiku, kati ya saa nne na saa kumi alfajiri, apewe mahali pa kulala. Kampuni za kule zinalalamikiwa kila siku, najua. Lakini abiria wa Lagos analalamika akiwa na kifungu cha kanuni mkononi. Mkataba wa Montreal wa 1999, kifungu cha 19, nao unaibebesha kampuni hasara inayotokana na kuchelewa, ila ni kwa safari za kimataifa. Sisi tuna sheria ya usafiri wa anga Na. 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010, na tuna Mamlaka ya Usafiri wa Anga, AAC, yenye uwezo wa kuyawekea makampuni masharti. Naiomba ianze na hili la taarifa kabla ya lile la fidia, kwa sababu fidia itajadiliwa miaka mingi na taarifa inaweza kuanza Jumatatu.



Kuhusu Go Pass, ile tozo ya uwanjani, neno moja tu. Ilipoanza 2009, kila abiria wa ndani alitozwa dola 10 na wa nje dola 50, kwa ajili ya kujenga viwanja. Mimi nalipa bila kunung'unika. Naomba sehemu ndogo ya fedha hiyo iwe viti na maji safi kwa ajili ya wazee wanaongoja.

Na usiku nao tuuzungumze, kwa sababu wanaopanga ratiba wana madereva wa kuwapokea. Ndege iliyopaswa kufika N'Djili saa tisa alasiri ikifika saa sita usiku, msichana wa miaka kumi na tisa anayekwenda Kinshasa mara ya kwanza anatoka nje peke yake, mjomba wake ameshachoka kungoja na kurudi, na mji uko mbali kwa barabara ya Boulevard Lumumba. Nimewahi kumchukua mmoja kama huyo kwenye gari niliyokuwa nimekodi, hadi kwao Lemba. Alikuwa anatetemeka. Hakuna aliyemwambia Luano kwamba atafika usiku; angeambiwa, angelala kwa mama yake na kupanda kesho.

Kwa hiyo mimi nimebadilisha ninachodai. Sipigi tena kelele kuhusu saa. Ninadai karatasi ya kampuni inayoeleza kuchelewa kwenyewe. Wenye ofisi, mnajua mwajiri haamini maneno. Wanafunzi, mnajua ubalozi haukubali hadithi. Mama wa biashara, unajua mteja aliyekutumia fedha anataka ushahidi. Ndege ikichelewa, mwombe mfanyakazi kwa adabu, bila kumvuta shati, akuandikie. Akisema hana ruhusa, muulize ni nani mwenye ruhusa, na mkaombe wengi pamoja, maana mmoja wanamzungusha lakini watu ishirini wanawatafutia mkubwa. Nimeona kundi la watu wa kilio likipata karatasi hiyo baada ya kusimama pamoja gisheni kwa utulivu mpaka meneja akashuka. Na meneja aliposhuka ilibidi aseme sababu, kwa sababu alitakiwa kuiandika. Iwe na mhuri wa kampuni, tarehe, namba ya safari, saa iliyopangwa na ni saa ya mji gani, saa mpya, sababu, na jina na sahihi ya aliyeiandika. Piga picha yake na umtumie kila uliyepanda naye.