Aliyebaki kijijini naye ahojiwe

Nimemaliza kusoma ripoti nyingine inayodai kwamba vijana wanakimbia vijiji kwa sababu wamepumbazwa na taa za mjini. Ushahidi wake ni mahojiano na watu waliokwisha kufika mjini. Basi, kesi imekwisha, tufunge jalada!

Niliwahi kushika dodoso la namna hiyo mimi mwenyewe. Mama mmoja, nilipomuuliza sababu ya kuhama, alianzia kwa marehemu mumewe, akaja kwenye shamba lililogawanywa na mashemeji, akagusia karo ya mwanawe, kisha akanyamaza. Dodoso liliruhusu jibu moja tu. Nikatia alama penye “kutafuta kazi”, na hadi leo naona haya.

Lakini hata dodoso lililo bora halitoshi likiishia mjini. Kama ukame ndio uliomwondoa mtu, mbona jirani yake, ambaye shamba lake limekauka vilevile, hajaondoka? Aliyejaribu akashindwa na kurudi kwao, naye nani amemhesabu?

Mwaka 2008, watafiti huko Rangpur, Bangladesh, ambako kaya maskini hubanwa na njaa kabla ya mavuno ya mpunga, waliteua baadhi ya kaya kwa bahati nasibu, wakazipa fedha au mkopo wa takriban dola 8.50, kiasi cha nauli, kwa sharti kwamba mtu mmoja aende kutafuta kibarua kwingine msimu ule. Miongoni mwa kaya ambazo hazikupata msaada huo, asilimia 36 zilitoa mhamiaji. Miongoni mwa zilizosaidiwa, asilimia 58. Njaa ilikuwa ileile na taa za mjini zilezile. Kilichotofautiana ni nauli, pamoja na hofu ya kuipoteza bure, na sijapata kuona dodoso lenye kisanduku cha hofu.

Wanauchumi Harris na Todaro walieleza mwaka 1970 kwamba mhamiaji hupima mshahara anaoutarajia, yaani akizingatia uwezekano wa kupata kazi yenyewe, si ule unaotangazwa. Sawa, ila aliyebaki naye ana matarajio yake.

Nakiri, shingo upande, kwamba huko Rangpur walihama kwa msimu tu, na kwamba mpango huo ulipopanuliwa na kupimwa tena mwaka 2017, ongezeko la wahamiaji halikuonekana. Hata hivyo, kushindwa huko tumekujua kwa sababu kulikuwa na wa kulinganishwa nao.

Ile ripoti ya taa niliyoisoma inahitimisha kwa kupendekeza semina za kuwafunza vijana kupenda kilimo. Katika kurasa zake zote, hakuna kijana hata mmoja wa kijijini aliyeulizwa iwapo angekuwa bado yupo hapo kama angekuwa na nauli.